Ulizaa Mara Ngapi: Wasifu wa Dkt. Christine Awinja Khaemba (1974–2025)

Kamati ya mazishi ilipendekeza wasifu huu uanze hivi: "Licha ya ulemavu wake, marehemu alijitahidi." Hauanzi hivyo. Marehemu aliikuta sentensi hiyo katika programu za watu wengine mara nyingi mno, na kila alipoikuta aliipigia mstari mwekundu. Si haki azikwe nayo.

Aliacha agizo moja tu kuhusu wasifu huu. Alimwachia kaka yake mkubwa, Phanuel, mfanyabiashara wa ng'ombe, ambaye ndiye anayewasomea haya. Agizo lilihusu orodha ya waliobaki, ile inayosomwa mwisho watu wakishaanza kuangalia sufuria zinatokea upande gani. Alitaka itaje kila mtu kwa zamu aliyozaliwa, bila kumruka yeyote. Ni agizo dogo. Kamati ililikalia vikao vitatu, na katika vyote vitatu ilijaribu kumruka mtu mmoja. Tutafika kwake. Sufuria zitangoja.

Christine Awinja alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 14 Machi 1974, hapa Matsakha, Kabras, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Elam Khaemba na Mama Truphosa. Mzee alikuwa mkulima wa miwa na shemasi wa kanisa. Hakuogopa nyoka wala chifu, ila aliogopa midomo ya majirani. Septemba 1977 homa ilimshika Awinja kwa siku tisa, na ilipomwachilia iliondoka na nguvu za mguu wake wa kushoto. Ilikuwa polio. Majirani, bila kuulizwa na mtu, walitoa sababu nyingine kumi na moja, kuanzia dhambi ya bibi yake hadi yai ambalo Mama Truphosa alilila akiwa mjamzito. Baadhi ya waliotoa sababu hizo wako hapa leo, wamejipatia viti vya chini ya hema. Wanajijua.

Mwaka 1983 mpiga picha alikuja kutoka mjini Kakamega kupiga picha ya familia. Watoto walikuwa sita. Watano walipangwa mbele, wamepakwa mafuta hadi magotini, na Awinja akasimamishwa nyuma ya kiti cha mama yake. Phanuel anauelewa vizuri mpangilio huo, maana ndio uliomlisha miaka thelathini. Sokoni, ng'ombe mwenye chongo husimamishwa jicho bovu likielekea ua, na mnunuzi huondoka akijisifu kwamba haibiwi. Picha ile bado iko ukutani kwa Mama. Inaonyesha watoto watano na kichwa kimoja.

Alianza darasa la kwanza mwaka huo huo wa 1983, akikaribia miaka tisa, kwa sababu Mzee alisema shule ilikuwa mbali. Shule ilikuwa kilomita mbili. Phanuel na Rispa, wakubwa wake, walikuwa wameianza wakiwa na miaka sita na haikuwa mbali. Awinja hakungoja mtu aisogeze. Alijifunza saa za matrekta ya miwa, yale yanayoingia mashambani asubuhi yakivuta matrela matupu. Alikuwa akisimama katikati ya barabara na kunyoosha gongo moja mbele kama askari wa trafiki, na madereva walisimama. Jioni alirudi ameketi juu ya mzigo wa miwa, akitafuna. Dereva mmoja alipomwambia kwamba anakula mali ya kiwanda, alimjibu kwamba anapunguza uzito ili trekta lisiumie. Dereva huyo alisimulia jambo hilo mpaka alipostaafu.

Agosti 1990, Awinja akiwa darasa la nane, Mzee alimpeleka kwenye mkutano wa injili Malava. Mhubiri alimpandisha jukwaani, akamnyang'anya magongo, akayatupa kwa umati, akamwamuru atembee. Awinja alianguka kifudifudi mbele ya watu wapatao mia nne. Umati ulisema hana imani. Hakuna hata mmoja aliyesema kwamba mhubiri hana akili. Alirudishwa nyumbani kwa baiskeli bila magongo yake, na kwa siku nne alikuwa anatambaa kwenda chooni, wakati Mzee akiungoja muujiza, akidhani umechelewa tu kama matatu inavyochelewa.

Phanuel, wakati huo akiwa na miaka ishirini, alisikia kwamba mkutano umehamia Mayoni. Alikata mikaratusi miwili, akaiparura gome, akaichonga magongo, akaipaka vanishi, akaenda nayo. Aliyakuta magongo ya dada yake yametundikwa jukwaani pamoja na mengine, kuwa ushahidi wa waliopona. Hakugombana na mtu. Alimtafuta mwangalizi wa jukwaa akamwambia, "Nyinyi mnataka magongo ya kuangaliwa. Sisi tunataka ya kutembelea. Tubadilishane." Yule bwana aliyapima kwa macho, akaona yale mapya yanang'aa zaidi, akakubali. Fimbo hizo mbili, ambazo hazijawahi kumbeba mtu hata hatua moja, zilisikika zikihubiri mpaka Butere.

Awinja alimaliza sekondari mwaka 1994, akapata shahada ya sosholojia mwaka 2000, shahada ya pili mwaka 2004 na ya uzamifu mwaka 2013. Hizi mbili za mwisho zilikuwa katika taaluma ya ulemavu. Inabidi jambo hili lielezwe, kwa sababu kwa karibu miaka ishirini watu waligonga mlango wake pale Amalemba, mjini Kakamega, wakiomba viti vya magurudumu, na wanasiasa walimwita kwenye sherehe za kugawa viti hivyo ili apigwe picha. Hata katika familia hii wako waliodhani kwamba anasomea kujitibu.

Taaluma hiyo haimtibu mtu na haigawi kitu. Ni elimu ya jamii, kama historia au sosholojia. Haiulizi mguu una nini. Inauliza nani alijenga ngazi, nani alipanga picha, nani aliandika sheria, na kwa nini kila hadithi yenye kiwete ni lazima iishe kwa kiwete kupona au kufa. Phanuel aliwahi kumwomba aieleze kwa maneno ya sokoni. Awinja alimwambia, "Daktari wa mifupa anauangalia mguu wangu. Mimi namwangalia yule anayeuangalia." Phanuel alielewa mara moja, maana hata yeye sokoni hakuwahi kumwangalia ng'ombe. Alikuwa akimwangalia mnunuzi.

Septemba 2006 Chuo Kikuu cha Isiukhu kilimwajiri kuwa mhadhiri na, kwa busara ambayo wasomi peke yao wamejaliwa, kikaipatia taaluma ya ulemavu ofisi katika ghorofa ya pili. Ngazi zilikuwa arobaini na moja na lifti haikuwepo. Awinja hakuandika barua ya malalamiko. Aliomba meza iletwe chini, akaiweka palipoanza ngazi ya kwanza, akafungua ofisi hapo. Alisahihisha mitihani hapo. Alifundisha hapo, wanafunzi wake wamekaa juu ya ngazi kama kuku. Aliyetaka sahihi yake alishuka, na aliyetaka kupanda alipita kwa ubavu. Katikati ya muhula mkuu wa kitivo alimletea barua rasmi ikisema kwamba anawazuia watu kufika ofisini kwao. Aliijibu kwa maneno mawili: "Sasa tunaelewana." Mwezi uliofuata alipewa chumba cha chini, kilichokuwa stoo ya rangi.

Lakini kazi yake yenyewe haikuanzia chuoni. Ilianzia kwenye uwanja huu, siku ya Jumamosi, tarehe 22 Agosti 1998, tulipomzika Mzee. Programu ya siku hiyo ilisema kwamba marehemu ameacha mjane na watoto watano, na majina yao yakafuata: Phanuel, Rispa, Wanzala, Elphas na Nabwire. Awinja, mwanafunzi wa chuo kikuu, alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kaburini akiisoma.

Aliyepeleka majina hayo kwa mpiga chapa alikuwa Phanuel. Wazee walikuwa wamemnong'oneza kwamba programu hufika mbali, na kwamba hakuna haja ya ukoo kujitangazia madoa. Alipoulizwa na mama yake baadaye, alisema kwamba ukurasa ulikuwa umejaa. Chini ya orodha ile palikuwa na picha ya njiwa, mkubwa kama kiganja cha mkono.

Awinja aliikunja programu mara nne, akaitia ndani ya Biblia, na jioni akaandika kwa kalamu kwenye pembe yake: namba 1.

Tangu siku hiyo alizikusanya. Alikwenda kwenye mazishi ya Lugari, ya Mumias, ya Mayoni na ya hapa Kabras, mazishi ya watu aliowajua na asiowajua, akaomba programu na kuondoka nayo. Watu walimwita Mama Programu. Walisema anafuata ingokho, kuku wa matanga, hasa wale waliokuwa wamebeba mapaja ya kuku hao hao ndani ya mikoba yao. Alipofariki, magunia yaliyoko Amalemba yalikuwa na programu elfu mbili mia tatu na kumi na sita, kila moja na namba yake.

Njia yake ya kazi ilikuwa rahisi, na ndiyo maana hakuna profesa aliyeifikiria. Alikuwa akingoja wiki moja baada ya mazishi, viti vya kukodi vikisharudishwa na ndugu wa mjini wakishaondoka. Alirudi kwenye boma lile, akaketi na mama wa nyumba, akanywa chai yake yote. Hakuuliza, "Una watoto wangapi?" Swali hilo watu wamelizoea, na jibu lake limeshapigwa pasi. Aliuliza, "Mama, ulizaa mara ngapi?" Akina mama waliangalia kikombe. Kisha walisema nane, na programu ilikuwa na saba.

Aliuliza hivyo katika nyumba mia sita na kumi na moja. Katika tisini na nne, mtu alikuwa hayupo kwenye karatasi, na mtu huyo alikuwa yupo jikoni, au chumba cha nyuma, au ameketi hapo hapo mkekani akisikiliza. Wengine walikuwa wameandikwa baada ya wajukuu. Wengi walikuwa ndani ya maneno mawili ya mwisho. Awinja aliandika katika tasnifu yake kwamba "Na Wengine" ndilo jina la kawaida kuliko yote la mlemavu katika Kaunti ya Kakamega. Profesa mmoja wa ng'ambo alikuja, akalala kwake wiki tatu, akala obusuma, ugali wake, akapiga picha magunia yote. Katika makala aliyoichapisha, Awinja alitajwa kama "mwenyeji mmoja". Hata huko kwao wana programu zao.

Mumewe alimpata kazini. Mwaka 2003 huko Lugari, kwenye mazishi ya amu yake, Mwalimu Kipngetich alikataa kumpa Awinja programu kwa kuwa alibaki na moja tu. Walibishana mpaka hema likaanza kufunguliwa. Ilibidi Kipngetich aje nayo Amalemba wiki iliyofuata ili inakiliwe, na wiki nyingine akaja bila sababu. Walifunga ndoa kanisani Lugari siku ya Jumamosi, tarehe 6 Agosti 2005.

Kabla ya hapo palikuwa na mazungumzo ya mahari, na upande wetu ulisemewa na Phanuel. Alifungua kwa idadi ndogo ya ng'ombe, akaeleza kwa haraka kwamba ukoo wa Khaemba hauna tamaa. Baba yake Kipngetich, mkulima wa mahindi asiye na maneno mengi, alimtazama, kisha akauliza, "Mbona mnapunguza na sisi hatujaomba? Huyu binti ana kasoro gani hamjatuambia?" Wazee wetu tisa walikuwa wameketi pale. Kasoro waliyokuwa wakiifikiria ilikuwa imeketi mlangoni inawaangalia. Wageni walitoa ng'ombe idadi kamili, wakala, wakaondoka. Baada ya harusi watu walimpongeza Kipngetich kwa moyo wake wa huruma. Jibu lake lilikuwa moja kila mara: "Wewe hujawahi kubishana naye." Mungu aliwajalia watoto wawili, Kiplagat mwaka 2007 na Cherop mwaka 2010.

Sasa tumefika kwa yule ambaye kamati ilitaka tumruke.

Phanuel na mkewe, Mama Wangila, wana watoto wanne. Wa tatu anaitwa Mitchel. Alizaliwa tarehe 9 Juni 2003 baada ya uchungu wa siku mbili, na ubongo wake uliumia. Hatembei. Haongei kwa maneno. Ana sikio kali, na baba yake akiwa kwenye simu anamwapia mnunuzi kwamba ng'ombe huyu hajawahi kuugua, Mitchel hucheka mpaka anapaliwa. Shangazi yake alikuwa akimjia kila mwezi, na akisikia magongo yale yakigonga uani alianza kupiga kelele za furaha kabla mtu yeyote hajamwona mgeni. Wengi wenu mmeingia katika boma hilo kwa miaka mingi na hamjamwona, kwa sababu mgeni akitokea barabarani mlango wa nyumba ya nyuma ulifungwa. Aliyejua kumgeuza ng'ombe alijua pia kufunga mlango.

Siku ya Jumamosi, tarehe 11 Desemba 2021, wakwe walikuja kumposa Mideva, mtoto wa pili wa nyumba hiyo. Phanuel aliwasimamisha watoto wake mbele ya wageni, Wangila, Mideva na Andanje, akasema hawa ndio Mungu amenijalia. Awinja, ambaye mabega yake yalikuwa yamechoka na magongo na sasa alitumia kiti cha magurudumu, alikuwa ameketi na mashangazi. Mama Wangila alipofika kwake na jagi la maji ya kunawa, Awinja alinyoosha mikono na kumwuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza chumvi.

"Mama Wangila, ulizaa mara ngapi?"

Maji yaliendelea kumwagika juu ya mikono ambayo ilikuwa imeshasafika.

"Nne," Mama Wangila akasema.

Msemaji wa wageni aliangalia watoto waliosimama, akawahesabu, akawahesabu tena. Akaomba kumwona wa nne. Mlango ukafunguliwa. Kisha wageni wakatoka nje kushauriana, na waliporudi walipunguza ng'ombe wawili, wakisema wanaogopa damu, kwamba kasoro hurithiwa. Waliyatumia maneno yale yale ambayo Phanuel huyatumia sokoni akigundua jicho bovu, kwa sauti ile ile ya masikitiko, na kwa sababu hiyo hakuweza kubisha. Wakwe hao wako nasi leo. Karibuni sana. Tunatumaini wale ng'ombe wawili mliobaki nao wananenepa.

Wageni walipoondoka Phanuel alimfuata dada yake uani. Alimwambia amemwaibisha mbele ya watu kwa sababu ya utafiti wake, na kwamba ameiharibu nyumba.

"Sijaiharibu," Awinja akasema. "Nimeihesabu."

Hawakuongea tena kwa miaka miwili na miezi mitatu. Phanuel aliwaambia watu kwamba ni kwa sababu ya heshima. Ilikuwa kwa sababu ya ng'ombe wawili.

Februari 2024 Awinja aligunduliwa kuwa na saratani ya matiti. Alitibiwa katika hospitali kadhaa, na katika mojawapo muuguzi alimpita yeye, akamwuliza Kipngetich, "Mgonjwa anaumwa wapi?" Awinja akamjibu kwamba aulize kiti, kwani ndicho kinachoongea. Kitanda cha kupimiwa kilikuwa juu sana, akabebwa kama gunia la mbegu, na walipomaliza walimwomba ajaze fomu ya kuridhika na huduma. Aliijaza. Walilazimika kumwongezea karatasi.

Machi mwaka huo Phanuel alikwenda kumwona wodini akiwa na chungwa moja, kwa kuwa mfanyabiashara haji na mzigo mkubwa kabla hajajua bei. Awinja alifumbua macho.

"Umefuata ng'ombe zako?"

"Nimefuata dada yangu."

"Huyo ulimwuza kitambo," akasema, akachukua chungwa.

Baada ya hapo Phanuel alikwenda kila wiki. Hawakuzungumza mambo makubwa. Alimsomea programu, kwa sababu wanafunzi waliendelea kuzileta, naye Awinja alisikiliza amefumba macho na kusema tu, "Rudia orodha." Mwezi wa nane mwaka huu alipoomba aletewe Mitchel, Phanuel alimleta Amalemba mchana kweupe, kwa kupita barabara kuu. Shangazi na mpwa walikaa pamoja dirishani mpaka saa kumi. Ilikuwa mara ya kwanza Mitchel kuuona mji wa Kakamega, akiwa na miaka ishirini na miwili, na mji uko umbali wa saa moja kutoka nyumbani kwao.

Oktoba, Awinja alimwambia kaka yake, "Wewe ndiye uliyeandika ya Baba. Utaandika na yangu."

"Nitakuandikia vizuri."

"Sitaki vizuri. Nataka kamili."

Alifariki nyumbani kwake Amalemba siku ya Jumanne, tarehe 4 Novemba 2025, saa nne asubuhi, mumewe na watoto wake wakiwa kando yake. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Aliomba jambo dogo zaidi ambalo linatolewa hapa kama tangazo: mtu yeyote atakayesimama leo kusema kwamba sasa Awinja anatembea mbinguni, aketishwe. Hakutoka hapa akidai kutembea. Alitoka akidai mlango upanuliwe, na kama huko alikokwenda kuna ngazi, basi wenye mahali wameshapata habari yake.

Vikao vya kamati viliongozwa na Bwana Masinde wa ukoo. Katika cha kwanza alipendekeza kwamba Mitchel aingie katika "na wapwa wengine". Katika cha pili alikumbusha kwamba Wangila hajaoa, na kwamba programu hufika mbali. Yalikuwa maneno ya 1998, hayakubadilishwa hata koma. Phanuel alijibu kwamba amefanya biashara hiyo mara mbili na mara zote mbili amepata hasara. Katika kikao cha tatu Bwana Masinde alikuja na karatasi kutoka kwa mpiga chapa, akaiweka mezani kwa masikitiko.

"Si mimi," akasema. "Ukurasa umejaa."

Phanuel aliiangalia. Chini kabisa, chini ya majina, palikuwa na njiwa.

"Toa njiwa," akasema.

Mtaona kwamba programu hii haina njiwa.

Christine Awinja ameacha mama yake, Truphosa, aliyezaa mara sita. Ameacha mume wake, Mwalimu Kipngetich, na watoto wao Kiplagat na Cherop. Ameacha ndugu zake kwa zamu ya kuzaliwa: Phanuel na Rispa, kisha pengo lake, kisha Wanzala, Elphas na Nabwire. Ameacha watoto wa Phanuel, kwa zamu: Wangila, Mideva, Mitchel na Andanje. Watoto wa ndugu wengine ni kumi na saba, nao wako ukurasa wa nyuma, kila mmoja kwa jina lake.

Mitchel ndiye aliyeketi mstari wa mbele, kwenye kiti cha shangazi yake. Mnaotaka kumtazama mtazameni sasa, tunawapa nafasi.

Kama mmemaliza, tuendelee.

Programu hii ni namba 2,317. Jumamosi ijayo, viti vikisharudishwa, mwanafunzi wa marehemu aitwaye Jepkorir atakuja hapa Matsakha. Atakunywa chai kwa Mama Truphosa, kisha atavuka ua na kunywa nyingine kwa Mama Wangila, naye atamwuliza kila mmoja wao lile swali. Mmoja atasema sita. Mwingine atasema nne, na safari hii hatakuwa ameshika jagi. Jepkorir ataangalia karatasi, atahesabu kwa kidole, na kwa mara ya kwanza katika boma hili hatapata mtu wa kuongeza.

Alale Awinja salama. Imeandikwa kamili.